Maisha ya Luca Pacioli, Mwalimu wa Wahasibu

Wanafunzi wengi wanaosoma hapa Tosamaganga hutaka kuwa madaktari, wahandisi au walimu. Wako pia wanaotaka kuwa wahasibu, na hao hasa ndio niliowaandikia habari hizi, ingawa natumaini kuwa wengine nao hawatachoka kuzisoma.

Njia ya uhasibu katika nchi yetu ni ndefu. Sheria ya mwaka 1972 iliunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na Bodi hiyo ndiyo inayotoa mitihani ya kazi hii. Mtu hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na wengi hurudia karatasi moja mara mbili au tatu kabla ya kufaulu. Wengine hukata tamaa njiani. Ukiwauliza ni swali gani liliwatoa jasho tangu siku za mwanzo, wengi watakuambia ni lile la kupewa hesabu za mfanya biashara, pande mbili ambazo hazilingani, na kuambiwa: tafuta kosa, ulisahihishe, uonyeshe urari.

Swali hilo ni la zamani sana. Lina umri mkubwa kuliko Bodi yenyewe, na kuliko jina la Tanganyika. Mtu wa kwanza kulieleza katika kitabu kilichopigwa chapa alikuwa mtawa wa Kiitalia, jina lake Luca Pacioli. Waitalia si wageni katika misheni hii, kwa maana Mapadre wa Konsolata walitoka kwao wakaja Iringa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Basi na tumkaribishe na huyu mwenzao wa kale, tuone alivyoishi na alivyofundisha.

Luca alizaliwa karibu mwaka 1447 katika mji mdogo wa Sansepolcro, katikati ya nchi ya Italia. Baba yake aliitwa Bartolomeo. Siku zile mtoto aliyetazamiwa kuwa padre au mwanasheria alifundishwa Kilatini, na mtoto aliyetazamiwa kuwa mfanya biashara alifundishwa hesabu za sokoni kwa lugha ya nyumbani. Alijifunza kubadili fedha za mji huu kwa fedha za mji ule, kugawa faida baina ya washirika, na kupima nguo na nafaka. Luca alipata mafunzo haya ya pili. Katika mji huo huo alikuwako mchoraji mashuhuri, Piero della Francesca, ambaye pamoja na ufundi wa rangi alikuwa hodari sana wa hesabu. Msomaji aliweke jina hilo moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Karibu mwaka 1464, angali kijana, Luca alikwenda Venice. Mji huo ulikuwa bandari kubwa kupita nyingi za Ulaya. Pilipili, hariri, pamba na vito vilishushwa pale kutoka Mashariki, kama vile dhahabu na pembe zilivyokuwa zikipakiwa Kilwa katika pwani yetu. Mfanya biashara mmoja, Antonio Rompiasi, alimwajiri Luca awafundishe wanawe watatu. Kijana huyo akawa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja: aliwafundisha watoto wa tajiri wake, na yeye mwenyewe akaenda kusikiliza mafundisho ya Domenico Bragadino, mwalimu wa hesabu wa mji. Nyumbani kwa Rompiasi aliona jinsi mali inavyoingia na kutoka, na jinsi inavyoandikwa. Mwaka 1470 aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya wale vijana watatu. Kila aliyewahi kumweleza mwenzake somo bwenini usiku anajua kwamba mwenye kueleza ndiye anayeelewa zaidi. Luca alianza maisha yake kwa namna hiyo.

Baadaye aliingia utawa katika Shirika la Mtakatifu Fransisko. Hakuacha hesabu. Mwaka 1477 alipewa kazi ya kufundisha katika chuo cha Perugia, na mwaka 1478 aliwaandikia wanafunzi wake wa pale kitabu kikubwa kwa mkono, kimejaa maswali na njia za kuyajibu. Kutoka Perugia alizunguka miji mingi: Zadar ng'ambo ya bahari, Napoli, Roma, kisha tena Perugia. Popote alipokwenda alifundisha, na maswali aliyowapa wanafunzi aliyakusanya. Alipenda kufundisha kwa michezo na vitendawili vya namba, na baadaye alivitungia kitabu kizima. Alifahamu kwamba mtu haelewi hesabu kwa kuitazama inavyofanywa na mwalimu ubaoni. Huielewa anapokaa peke yake na karatasi tupu, akaifanya mwenyewe, akakosea, akairudia.

Mwaka 1494 alirudi Venice na mzigo wake wa maandishi. Wakati huo kazi ya kupiga chapa vitabu ilikuwa bado changa, na Venice ndio uliokuwa mji wake mkubwa. Paganino de' Paganini akamchapia kitabu chenye kurasa kama mia sita, ambacho kwa kifupi huitwa Summa. Ndani yake mna hesabu, aljebra na jometri. Mna pia sehemu moja yenye sura 36 inayoeleza namna ya kuweka vitabu vya biashara. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi.

Inafaa kusema kweli hapa. Luca hakuvumbua utaratibu huo wa vitabu. Wafanya biashara wa Italia walikuwa wakiutumia tangu zamani, na mji wa Genoa una vitabu vya serikali vya mwaka 1340 vilivyoandikwa kwa njia hiyo. Mtu mwingine, Benedetto Cotrugli, alikwisha kuieleza kwa mkono mwaka 1458, lakini maandishi yake hayakuchapwa hata mwaka 1573. Yeye Luca alisema waziwazi kuwa anafuata desturi ya Venice. Sifa yake ni kwamba aliyapanga mambo yaliyokuwa yamefichwa katika maduka ya matajiri, akayaeleza hatua kwa hatua, tena kwa lugha ya sokoni badala ya Kilatini cha wasomi. Tangu hapo kijana yeyote aliyejua kusoma aliweza kujifunza uhasibu bila kuwa mtoto wa tajiri. Kabla ya miaka hamsini kwisha, vitabu vilivyofuata mafundisho yake vilikuwa vimechapwa Antwerp na London.

Je, alifundisha nini? Alianza kwa kusema kwamba mfanya biashara anahitaji mambo matatu: fedha au mali ya kuanzia, mwandishi wa hesabu aliye hodari, na utaratibu mzuri wa kuandika, ili aweze kuona deni lake na haki yake kwa mara moja. Kisha alimtaka mtu huyo, kabla ya kufanya lolote, aandike orodha ya vitu vyote alivyo navyo katika siku moja: fedha, vito, nguo, vyombo, nyumba, mashamba, wanaomdai na anaowadai. Wazee wetu nao walijua hivyo waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya orodha, alimpa vitabu vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha kumbukumbu, ambamo kila jambo huandikwa papo hapo na yeyote aliyeko dukani, iwe bwana, mke wake au mtumishi. Cha pili ni kitabu cha kila siku, ambamo mambo yale yale hupangwa vizuri kwa tarehe, yakionyesha nani amepokea na nani ametoa. Cha tatu ni leja, ambamo kila mtu na kila kitu kina ukurasa wake wenye pande mbili, debiti kushoto na krediti kulia. Na sheria kubwa ya leja ni kwamba kila jambo huandikwa mara mbili, upande huu mara moja na upande ule mara moja, kwa kiasi kile kile.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mtu anafungua biashara ya viazi mjini Iringa kwa fedha zake sh. 500,000. Anaandika debiti 500,000 katika ukurasa wa Fedha, na krediti 500,000 katika ukurasa wa Mtaji. Ananunua magunia ya viazi kwa fedha taslimu, sh. 200,000: debiti katika Manunuzi, krediti katika Fedha. Halafu anamwuzia mwenye hoteli sehemu ya viazi kwa mkopo, sh. 150,000: debiti katika ukurasa wa mwenye hoteli, krediti katika Mauzo. Sasa ajaribu urari. Upande wa debiti, Fedha imebaki 300,000, Manunuzi 200,000, mwenye hoteli 150,000. Jumla ni 650,000. Upande wa krediti, Mtaji 500,000 na Mauzo 150,000. Jumla ni 650,000. Pande mbili zimelingana.

Luca aliwaagiza wanafunzi wake wafanye jaribio hilo hilo. Debiti zote za leja ziandikwe upande wa kushoto wa karatasi, krediti zote upande wa kulia, kisha zijumlishwe. Zikilingana, kuna tumaini kwamba kazi ni njema. Zisipolingana, kosa limo, na mwandishi hana ruhusa ya kupumzika juu yake. Lazima alitafute kwa bidii. Hata kabla ya jaribio hilo alieleza njia ya kukagua. Watu wawili waketi pamoja, mmoja ameshika kitabu cha kila siku na mwingine leja. Wa kwanza asome jambo moja moja, wa pili alitafute katika leja na kulitia alama ndogo. Mwisho wa kazi, lisilo na alama ndilo lenye shaka.

Tena alikataza kufuta. Jambo likiandikwa mahali pasipo pake, liachwe palepale, litiwe alama, kisha liandikwe jingine la kulipinga upande wa pili ili kulirudisha sawa. Kwa njia hiyo yeyote atakayefungua kitabu baadaye ataona kosa, na ataona lilivyosahihishwa. Alionya pia juu ya watu wabaya ambao siku zile waliweka vitabu viwili, kimoja wakimwonyesha mnunuzi na kingine wakimwonyesha mwuzaji, wakaapa juu ya vyote viwili. Kwa sababu hiyo alitaka vitabu vipelekwe kwa ofisa wa mji, avitambue na kuvitia alama ya serikali kabla ya kutumiwa. Mkaguzi wa hesabu wa leo anafanya kazi kwa hofu ile ile.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Bodi atayaona mambo haya katika karatasi yake, ingawa yamevaa nguo mpya. Nimejaribu kuyatoa katika mafundisho ya Luca na kuyaweka pamoja na yale ambayo walimu wetu wa leo hutuambia.

Jambo la kwanza ni kusoma swali kama Luca alivyotaka tuanze kwa orodha. Kabla ya kuandika namba hata moja, jiulize: nimepewa nini, na nimetakiwa nini? Wengi hushindwa kwa sababu walijibu swali walilolizoea, na siyo lililoulizwa. Swali likitaka urari, usipoteze saa nzima ukitengeneza mizania. Swali likisema eleza, usiorodheshe tu.

La pili ni utaratibu. Msahihishaji ana rundo la karatasi mezani. Akiona tarehe, kichwa cha habari, pande mbili zilizonyooka na jumla iliyopigiwa mistari, anajua mara moja unakwenda wapi. Hesabu zilizotawanyika kama mahindi yaliyomwagika njiani humnyima nafasi ya kukupa alama hata pale ulipokuwa sawa.

La tatu ni kutafuta kosa kwa akili, siyo kwa pupa. Urari ukikataa, jumlisha upya kwanza, kutoka chini kwenda juu. Ukiona tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda umegeuza tarakimu, kama kuandika 540 mahali pa 450, ambapo tofauti ni 90. Gawanya pia tofauti kwa 2. Ukiona kiasi hicho katika orodha yako, huenda kimeandikwa upande usio wake. Kiasi cha 40,000 kikikaa upande mbaya huleta tofauti ya 80,000.

La nne hupendwa sana na watunga mitihani. Urari ukilingana, hiyo si hakika kwamba hesabu ni sahihi. Jambo likisahauliwa kabisa pande zote mbili, urari hautalia. Vivyo hivyo kiasi kikikosewa tangu risiti na kuandikwa hivyo hivyo mara mbili, au mauzo ya Juma yakiandikwa katika ukurasa wa Jumanne, au gari la biashara likiandikwa kama gharama ya mwezi badala ya mali ya kudumu. Makosa mawili yanaweza pia kufidiana. Na mtu akibadilisha pande zote mbili, debiti kuwa krediti na krediti kuwa debiti, bado pande zitalingana. Mtahiniwa anayejua hayo na sababu zake ameelewa urari ni kitu gani.

La tano ni kuonyesha njia. Hapa maisha ya Luca yenyewe yana mfano mzuri. Katika Summa aliuliza swali la wachezaji wawili walioweka dau na kukubaliana kwamba wa kwanza kufikia idadi fulani ya pointi atalichukua lote. Mchezo ukakatika kabla ya kwisha. Je, dau ligawanywe vipi? Luca alijibu kwamba kila mmoja apewe kwa kadiri ya pointi alizokwisha kupata. Jibu hilo halikuwa sawa. Mwaka 1556 Tartaglia alionyesha upungufu wake, na mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walipata jibu la kweli kwa kutazama michezo iliyobaki badala ya iliyopita. Miaka 160 ilipita. Lakini waliweza kumsahihisha kwa sababu aliandika hatua zake zote. Kadhalika msahihishaji hawezi kukupa alama kwa jambo ulilolifanya kichwani ukaandika mwisho wake tu. Mwenye kukosea huku ameonyesha njia hupata alama za njia.

Na turudi kwenye habari zake. Kitabu kilimpa jina kubwa. Karibu mwaka 1496 mtawala wa Milan, Ludovico Sforza, alimwita aje kufundisha hesabu katika mji wake. Huko alikutana na Leonardo da Vinci, mchoraji wa Mona Lisa. Leonardo alikuwa amekwisha kuinunua Summa kwa soldi 119, akaiandika bei hiyo katika daftari lake, jambo ambalo bila shaka lingempendeza mwandishi. Wakawa marafiki. Luca alimfundisha hesabu, na Leonardo akamchorea maumbo ya jometri kwa ajili ya kitabu chake kipya juu ya uwiano. Mwaka 1499 majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wa Milan, na marafiki hao wakakimbilia Florence.

Luca aliendelea kufundisha katika miji mbalimbali. Tarehe 11 Agosti 1508 alitoa hotuba juu ya jometri ya Euclid katika kanisa moja la Venice, na watu zaidi ya mia tano wakakusanyika kumsikiliza. Ni watu wangapi wangekuja leo kumsikiliza mwalimu wa jometri pasipo kulazimishwa?

Lakini mwaka uliofuata, 1509, lilitokea jambo ambalo mwandishi wa maisha yake hawezi kuliruka. Kitabu chake cha uwiano kilichapwa, na sehemu yake ya mwisho ilikuwa juu ya maumbo matano yaliyo sawa pande zote. Sehemu hiyo ilikuwa tafsiri ya kitabu cha Kilatini cha Piero della Francesca, yule mchoraji wa mji wake, aliyefariki mwaka 1492. Jina la Piero halikuandikwa kuwa ndiye mwenye kazi. Mwaka 1550 Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji, alimshutumu Luca kwa ukali kwamba alimwibia mzee wake. Watu wengi hawakuamini. Hata hivyo wataalamu walipokuja kuiona hati ya Piero katika maktaba ya Vatican na kuilinganisha, ilidhihirika kuwa katika neno hilo Vasari alisema kweli.

Wako wanaomtetea. Wanasema siku zile watu hawakuwa na desturi kali kama yetu kuhusu kazi ya mtu mwingine, na kwamba katika Summa Luca alimsifu Piero kwa maneno makubwa. Yote hayo ni kweli, na ni haki yaandikwe upande wake. Hata hivyo huyu ndiye aliyewafundisha wafanya biashara waandike kila walichopokea na jina la aliyewapa. Alipokea kitu kikubwa kutoka kwa Piero, na katika kitabu kile hakukiandika. Deni hilo lilikaa miaka mingi kabla ya watu kulithibitisha.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu linatuhusu. Katika chumba cha mtihani kila mmoja wetu hujaribiwa kwa namna hiyo hiyo. Karatasi ya jirani iko karibu, au kijikaratasi kimo mfukoni, na msimamizi ametazama dirishani. Anayenakili hupata alama, lakini amepokea bila kuandika alikopokea. Kwa kazi nyingine hilo ni aibu. Kwa kazi ya uhasibu ni hatari, maana siku moja mtu huyo atakabidhiwa fedha za ushirika wa wakulima wa chai au mahindi, za hospitali, au za shule kama hii, na wenye fedha hawatakuwa na njia ya kujua ukweli ila kwa maandishi ya mkono wake. Bodi haitoi mitihani ili kuwatesa vijana. Inataka kujua kama mtu anaweza kuaminiwa peke yake na vitabu.

Miaka ya mwisho ya Luca haikuwa ya raha tupu. Mwaka 1510 alifanywa mkuu wa nyumba ya watawa mjini kwao Sansepolcro, na baadhi ya wenzake hawakupendezwa naye, wakamshitaki. Lakini sifa ya ualimu wake haikupungua. Mwaka 1514 Papa Leo wa Kumi alimwita kufundisha hesabu katika chuo kikuu cha Roma, naye alikuwa amekaribia umri wa miaka sabini. Alifariki mwaka 1517. Miaka sita baadaye, mwaka 1523, Summa ilichapwa mara ya pili.

Leo hesabu nyingi huwekwa kwa kompyuta, na mashine hiyo hujumlisha bila kuchoka. Lakini hata kompyuta huandika mara mbili, debiti na krediti, kama duka la Venice. Nayo haijui kwamba gari limeandikwa kama gharama, wala kwamba risiti imefichwa chini ya meza. Hayo bado yanahitaji mtu.

Basi, wazazi wetu, mtoto akisema anataka kuwa mhasibu msimwone kuwa amechagua kazi ndogo ya kukaa na kalamu. Walimu wetu, tuombeni mazoezi mengi kuliko maelezo mengi. Nasi wanafunzi, tuanze sasa, wala tusingoje wiki ya mwisho. Nunua daftari dogo, uandike fedha uliyopewa nyumbani muhula huu, ulivyoitumia, uliyemkopesha na aliyekukopesha. Kila Jumamosi jaribu urari. Usipolingana, usifute wala usibandike namba ya kuupatanisha. Mwite mwenzako, asome wewe utie alama, mpaka kosa lionekane.